Ovari ya Boga Haina Kosa

Machi 4

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na macho yamepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, mguu bado unamsumbua asubuhi, ila mdomo uko salama, namshukuru Mungu kwa hilo pia. Kazini nimeongezewa masoko mengine ya kukagua mizani, na wiki iliyopita nilimnasa muuza nyama aliyebandika sumaku chini ya sahani ya mzani wake. Alilia kama mtoto mchanga. Mimi sina huruma na mtu anayeuvuta mzani upande wake.

Mwenzangu amekwenda kwao kidogo kupumzika.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nimeanzisha bustani ya maboga nyuma ya nyumba. Nimeifanya kisomi, si kama jirani yangu fundi viatu, ambaye maboga yake yanatambaa ovyo juu ya uzio kama yamefukuzwa kwao. Yangu yamo ndani ya wavu mweupe pande zote na juu, mistari imenyooshwa kwa kamba, na kila shina lina kibao chenye jina la mbegu. Maua yametoka mengi, na chini ya kila ua kuna kiboga kidogo kama gololi. Basi, ua likishasinyaa tu, kile kiboga nacho kinageuka manjano, kinalegea, kinaanguka. Nimeokota ndoo nzima.

Mbegu alizinunua na kuzipanda yeye, huyo mwenzangu. Hata vibao aliviandika yeye. Mama anasema mkono wake hauna heri, kila unachokigusa hakishiki. Mimi ni mtu wa vipimo, maneno hayo siyaamini, lakini ukitazama mambo kwa jumla, ya bustanini na ya ndani ya nyumba, inabidi mtu ajiulize. Huu ni mwaka wetu wa sita. Sitaki kusema zaidi.

Wewe ulifundisha mimea chuoni mpaka ukastaafu. Niambie mbegu hizi zina ugonjwa gani, nipate cha kumjibu Mama.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Mkaguzi


Machi 20

Kwako Bwana Mizani,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa hayo macho. Daktari anasema yameingia ukungu na yanataka kupasuliwa, lakini foleni yake ni ndefu kuliko subira yangu. Kwa hiyo usishangae mwandiko. Kuna mtu hapa kwangu ananisomea barua na kunishikia kalamu. Mimi natema maneno, yeye anayaandika. Nimemkataza kupunguza makali. Binamu yako amejifungua tena, mtoto wa kike mwenye sauti ya tarumbeta, na bomba la jikoni limekatika kwa mara nyingine, tunachota kwa jirani.

Barua yako ilisomwa kwa sauti hapa mezani. Ile aya ya mkono usio na heri, msomaji wangu aliisoma mpaka mwisho bila kuruka neno. Kisha akainuka kwenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Mwanangu, una sare, una muhuri wa serikali, una kalamu mbili mfukoni. Kiboga kinaanguka, na wewe, badala ya kukiinua ukitazame, unatafuta mkono wa mtu wa kuusingizia. Kama hivyo ndivyo unavyokagua mizani, nawaonea huruma wauza nyama.

Fanya hivi. Tafuta wembe mpya, ule wa kunyolea ndevu zako chache utatosha. Chuma maua mawili yaliyofunguka asubuhi hiyo hiyo. Hiyo gololi unayoiita kiboga si boga bado. Ni ovari ya ua. Boga ni ovari iliyopata ilichokuwa ikikingoja. Moja lipasue kwa urefu, tangu kwenye petali mpaka kwenye kikonyo. La pili likate kwa upana kama unavyokata kitunguu. Halafu niandikie ulichokiona wewe kwa macho yako, si ulichoambiwa na wifi yangu.

Na mkeo je, alifika salama huko kwao? Hujasema.

Mwenye macho mabovu na ulimi mzima,
Shangazi yako


Aprili 3

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa macho na kwa bomba. Hongera zangu zimfikie binamu. Huku mvua imenyesha mfululizo na paa la ofisi linavuja juu ya meza yangu tu, meza za wengine kavu. Huyo msaidizi wako ana mwandiko mzuri ajabu, umenyooka, kila herufi imekaa kwa nafasi yake. Nilimwonyesha karani wetu, naye akasema watu wa kuandika hivi wamekwisha. Ni mwanafunzi wako wa zamani? Mpe pongezi zangu. Ila mwambie pia kwamba mambo ya nyumba yangu si taarifa ya habari ya kusomwa kwa sauti mezani.

Mwenzangu alifika salama, ndiyo. Anakusalimu sana.

Ua nimelipasua. Mama alinikuta nimepiga magoti bustanini na wembe mkononi, akaanza kuita majirani. Kwa urefu niliona petali juu, na katikati yake kitu kifupi kinene chenye vichwa vitatu vinavyonata. Hiyo nakumbuka ni stigma, na shingo inayoishika ni staili. Chini kabisa ndiyo hiyo ovari yako. Kwa upana niliona ukuta wa kijani, ndani yake nyama nyeupe iliyogawanyika sehemu tatu, na kwenye kila sehemu vijiyai vyeupe vidogo kuliko ufuta, vimepangana vizuri, kila kimoja kimeshikwa kwa kikonyo chake. Vimejaa tele, hakuna pengo.

Na hapo nikagundua kasoro, bila msaada wa mtu yeyote. Shuleni tulichora ua la hibiskasi, lile jekundu la kwenye uzio. Ovari yake ilikaa juu, ndani, imezungukwa na petali kama bwana mkubwa kwenye kiti chake. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilipata alama zote. Ovari ya boga hili iko chini ya petali, nje kabisa, kama mtu aliyenyimwa mlango. Hili ni ua lililoumbwa kichwa chini. Kwa hiyo mbegu ni mbovu tangu asili, na aliyezinunua ni yeye. Mama amefurahi kwamba hatimaye sayansi imesema.

Mkaguzi


Aprili 16

Bwana Mizani,

Marahaba. Bomba limetengenezwa, likakatika. Foleni ya macho imesogea kidogo. Pongezi zako zimefika mahali pake. Salamu za mkeo nazo zimefika. Msomaji wangu alizisoma mara mbili, hakuamini macho yake, na yeye macho yake ni mazima.

Sasa tuje kwenye hiyo sayansi iliyomfurahisha mama yako. Nimefundisha watoto wa kila aina. Nimefundisha wanaolala, wanaokula darasani, na mmoja aliyedhani mizizi ni matawi yaliyozikwa. Lakini mtu aliyechora ua moja tu maisha yake yote, akalipatia alama, kisha akahukumu maua mengine yote ya dunia kwa ua hilo moja, huyo sikubahatika kumpata darasani. Kumbe alikuwa anakulia kwa kaka yangu.

Zipo ovari za juu na zipo ovari za chini. Nyanya, pilipili, chungwa, hizo ovari zao ziko juu ya mahali petali zinapoanzia. Boga, tango, tikiti, pera, ndizi, hizo ziko chini. Ukila pera, kile kitaji kikavu kwenye ncha ndipo ua lilipokaa, juu ya ovari. Umekula mapera tangu huna meno na hujawahi kujiuliza. Ukisikia chini, wewe unasikia duni. Chini ni mahali tu, mwanangu. Tena ni mahali pazuri, maana vijiyai vimefichwa mbali na mdudu anayekuja kutafuna petali.

Nakusifu kwa jambo moja. Umeona. Umeandika kwa mkono wako kwamba ukuta ni mzima, sehemu zote tatu zipo, vijiyai vimejaa, hakuna pengo. Sasa niambie kosa liko wapi hapo. Ovari haina kosa. Nimemwamuru mwandishi wangu aiandike sentensi hiyo tena, ili usije ukasema wino ulififia. Ovari haina kosa.

Hicho kijiyai kinaitwa ovuli, nacho hakigeuki mbegu kwa kungoja. Lazima chavua ya ua dume itue kwenye vile vichwa vinavyonata. Chembe ya chavua inaota kijimrija, kijimrija kinapita shingoni, kinashuka mpaka kwenye ovuli. Kila ovuli na chembe yake. Ovuli zikishapata, ovari inapata habari, inaanza kunenepa, na ukuta wake unakuwa ndiyo nyama na ganda la boga. Zisipopata, mmea hauoni sababu ya kulisha chumba kisicho na mtu, unakiachia kianguke. Kila mbegu ya boga uliyowahi kuitema ilikuwa na baba.

Kwa hiyo nina maswali mawili. La bustani: maua dume yako wapi? Hujayataja hata mara moja. La nyumbani: katika miaka yote hiyo, nani alikwenda hospitali kupimwa? Nataka majibu mawili, si moja na salamu.

Shangazi


Aprili 30

Shangazi,

Shikamoo. Huku wote wazima. Barua yako nimeisoma, na ningeomba tuheshimiane. Mimi ni mtu mzima, nasimamia masoko, watu wananiamkia barabarani. Sidhani ni vizuri kunisema hivyo mbele ya mtu ninayemjua kwa mwandiko tu.

Maua dume ninayajua, usidhani siyajui. Ni yale yanayosimama kwenye vikonyo virefu vyembamba, hayana kiboga chini, hayana lolote. Yanatoka ya kwanza na yanatoka mengi, yanakula mbolea bure. Niliyakata yote. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini napita na mkasi, nayaondoa, nayabakiza yale yenye viboga. Ukipima faida ya kila ua utaona hesabu yangu. Nyuki nao hawaingii, wavu wangu ni wa matundu madogo kabisa. Mmoja aliwahi kuniuma sikio, nikavimba wiki nzima.

Swali lako la pili nimelipokea.

Kuna habari nyingine ambayo ni vizuri uisikie kutoka kwangu. Mama ameona binti wa mshonaji wake. Ni mpole, na kwao wamezaliwa wengi, jambo ambalo Mama amelipa uzito. Anataka mavuno yakiisha aende kuzungumza na wazazi wake. Mimi sijasema ndiyo, sijasema hapana. Mama alishamweleza mwenzangu jambo hili jioni moja mezani, tena alimwambia maneno makali kidogo kuhusu mti usiozaa na shoka. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nakula. Niliona si vizuri kuingilia mazungumzo ya wanawake. Kesho yake ndipo alipoondoka kwenda kupumzika.

Nakuomba ushauri wa mbolea tu.

Mkaguzi


Mei 12

Mwanangu,

Nimecheka. Nilianza kucheka kwenye mkasi, nilipofika kwenye wavu nikashikwa na kikohozi, ikabidi nigongwe mgongoni. Mwandishi wangu naye amecheka, mara ya kwanza tangu aje hapa, akaweka kalamu chini akajifuta machozi kwa kanga. Kwa hilo nakushukuru. Umekata madume yote kwa mkono wako, ukaziba kila tundu nyuki asipite, kisha ukasimama katikati ya bustani ukiwalaumu majike kwamba hawazai. Na mtu huyo amepewa muhuri.

Halafu tukafika kwenye aya ya mezani, na kicheko kikaisha.

Ulikuwa unakula, unasema. Mama yako anamwambia mkeo habari za shoka, na wewe unakula. Ulimaliza sahani? Uliomba kuongezewa? Nafasi unayoiona hapo chini ni ya jibu lako, si karatasi iliyoharibika.

 

Mbolea haihitajiki. Ondoa wavu. Weka mkasi kabatini. Na kwa kuwa bustani yako haina dume hata moja, nenda kwa fundi viatu, yule ambaye maboga yake yanatambaa ovyo. Nenda asubuhi, maua yakiwa yamefunguka. Mpigie hodi kama binadamu, umwombe ua dume. Lirarue petali, ibaki ile nguzo ya katikati yenye unga wa manjano. Ipakaze kwenye stigma ya ua jike, vichwa vyote vitatu, taratibu, usichubue. Funga uzi kwenye kikonyo ili ulijue. Halafu ngoja.

Ukitoka kwa fundi viatu nenda hospitali. Umepima mizani ya kila genge la mji huo, wako hujaupima. Mkeo alipimwa mara mbili. Mara zote mbili alikwenda peke yake kwa miguu, akarudi na karatasi isiyo na kosa, akaiweka juu ya meza, nawe ukaweka gazeti juu yake. Usiniulize nimejuaje.

Na jambo moja la mwisho. Umeniletea barua tatu. Ndani yake kuna mwenzangu, kuna yeye, kuna huyo. Jina lake silioni. Fundi viatu ana cheo, karani ana cheo, hata nyuki amepata sentensi yake. Mama yako akikanyaga kwa mshonaji kabla wewe hujakanyaga hospitali, usiniandikie tena. Sitakuwa na msomaji wa kunisomea upuuzi huo.

Shangazi


Julai 22

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Natumaini macho yamefikiwa kwenye foleni. Mama mzima. Haongei na mimi.

Kwa fundi viatu nilikwenda. Nilipita mbele ya mlango wake mara kadhaa kwanza, yeye ananitazama tu na kiatu cha mtu mkononi. Nilipomwomba ua dume alitaka nimweleze la nini, nikamweleza, akaniomba nirudie mkewe asikie. Walicheka wote wawili. Kisha akanipa maua, tena makubwa, akanifungia kwenye gazeti.

Nilipakaza ua moja tu. Nilikuwa nimechelewa kazini, na fundi viatu alikuwa anachungulia juu ya uzio, kwa hiyo nilifanya harakaharaka upande mmoja. Nilifunga uzi mwekundu. Kila siku niliamka nikijua nitakikuta kiboga chake kimeanguka, na kila siku nikakikuta kimeshika. Wavu nimeuondoa. Maua dume nimeyaacha yatoke, na nyuki sasa wamejaa mpaka Mama hatoki kwenda uani. Maboga mengine yamefuata na yamekaa vizuri. Lakini lile la kwanza lenye uzi limenenepa upande mmoja, upande wa pili limebaki limebonyea. Nimeshindwa kulichuma.

Mama nimemwambia asiende kwa mshonaji. Ndiyo sababu haongei.

Sasa nina swali la kitaalamu tu. Je, ua dume linaweza kuwa zima kwa nje, limesimama, petali zake safi, na chavua yake isiwe na uhai? Na likiwa hivyo, hutokana na nini? Kuna dawa, au ndiyo basi? Mtaalamu mmoja wa maabara aliniambia kwamba yapo yanayorudi, akanipa dawa na karatasi, akasema nirudi baada ya miezi mitatu. Nauliza kwa ajili ya bustani.

Shangazi, nilikwenda kwao. Baba yake alinisimamisha mlangoni. Akasema binti yake hajafika pale tangu mwaka jana, na kama sijui alipo, basi yeye ndiye wa kuniuliza mimi. Nilikuandikia kwamba alifika salama. Sikuwa najua. Niliandika tu kwa sababu uliuliza. Nilikuandikia mpaka salamu zake.

Sijui alipo. Nimeuliza kwa rafiki zake, wawili hawakufungua mlango. Naogopa. Nikirudi jioni nakaa kwenye kile kiti chake cha jikoni, sijui kwa nini nakaa hapo. Kama kuna lolote unalolijua niambie, hata kama ni la kunitukana.

Mtoto wa kaka yako


Agosti 1

Mwanangu,

Marahaba. Nimepewa tarehe ya macho, ni wiki ijayo. Bomba nimeacha kulitaja.

Nakujibu la bustani. Ndiyo, inawezekana. Ua dume linaweza kusimama vizuri kuliko yote na chavua yake ikawa imekufa. Hutokana na joto, au ugonjwa uliopita, au kuzaliwa nalo. Mengine hupona na mengine hayaponi. Ua la namna hiyo si takataka na halistahili mkasi. Lakini halina kinywa cha kulilaumu jike. Meza dawa zako, urudi kwenye tarehe uliyopewa. Sitakucheka kwa hili. Nakucheka kwa boga la upande mmoja, maana hata chavua ya kuomba kwa jirani umeitoa kwa mkono wa birika.

La pili. Unauliza alipo. Alishuka kwenye basi hapa kwangu jioni ya siku ile aliyoondoka, na mkoba mmoja. Sikumwita, alijileta. Alinikuta napapasa meza nikitafuta miwani ambayo haisaidii kitu, akaniuliza kama nina barua za kusomwa. Ya kwanza kusoma ilikuwa ya hospitali. Ya pili ilikuwa yako.

Kila neno ulilopata kutoka kwangu tangu Machi ameliandika yeye. Maswali yangu ameyaandika yeye na uongo wako ameusoma yeye. Mwandiko uliompelekea karani ofisini ausifu ni wa mkeo. Ndio ule ule ulio kwenye vibao vya bustani yako, unavyovipita kila asubuhi unakwenda kukata maua. Unaweza kuiona sumaku ya muuza nyama chini ya sahani. Mwandiko wa mwanamke uliyelala naye kitanda kimoja miaka sita ukauliza kama ni wa mwanafunzi wangu.

Mimi nimemaliza. Sasa nimemwambia aandike lake. Anasema hataki. Nimetoka nje kukaa na kuku.

Shangazi ametoka kweli. Ameacha mlango wazi ili asikie kama naandika.

Nilidhani utanitambua kwenye barua ya kwanza. Nikasema labda ulikuwa na haraka, utanitambua kwenye ya pili. Ulipousifu mwandiko nilifurahi, hiyo ndiyo aibu yangu, nilifurahi kabla sijaelewa maana yake. Nilipoelewa niliingia jikoni nikafunga mlango. Na bado barua iliyofuata niliiandika kwa uangalifu zaidi.

Karatasi yako ya maabara ungeileta nyumbani miaka ile, tungeisoma pamoja. Nisingekucheka na nisingemwambia mtu. Zangu nilikuletea zote mbili.

Kwenye nyumba ambayo nasemwa huku wewe unakula sirudi. Nitakaa hapa mpaka Shangazi aweze kujisomea. Baada ya hapo sijui, na sitaki mtu anijulie.

Boga lenye uzi usilitupe. Lichume, ulikate kwa upana. Upande ulionenepa utakuta mbegu nzima, nono. Upande uliobonyea usiuruke. Utakuta ovuli bado zipo, zimekauka, nyembamba kama karatasi, zimeshikwa kwenye vikonyo vyake mahali pale pale. Hazikuwa na kosa. Zilingoja mpaka mwisho, na hakuna aliyekwenda upande huo.

Zitazame vizuri. Ukimaliza, kama bado una la kusema, niandikie mimi. Juu ya bahasha weka jina langu, si la Shangazi.